Wanne Tuliingia Fildi, Barua Ikatoka Moja

Kila ikikaribia likizo ndefu, vimbweta vya kitivo vinajaa watu wenye bahasha za kaki. Ni msimu wa kutafuta fildi, na salamu inabadilika kabisa. Hakuna tena "mambo vipi", ni "umepata wapi?" Ukisema umepata ofisi ya mawakili mjini, watu wanakupongeza kama vile umeshaajiriwa.

Hujaajiriwa. Umepata kiti cha kukalia kwa wiki nane. Linalonishangaza ni kwamba tunasaidiana sana kutafuta hicho kiti, lakini habari ya kinachofuata hatuizungumzi. Inakuwaje watu wanne wanaingia ofisi moja Jumatatu moja, na mwisho wake mmoja anaambiwa "ukimaliza chuo uje tuongee", na watatu wanagongewa mhuri kwenye kitabu cha fildi na kuagwa kwa soda?

Nilikuwa mmoja wa hao wanne, baada ya mwaka wa tatu. Ofisi yenyewe sitaitaja. Iko katikati ya jiji la Dar es Salaam, ghorofa ya tatu, lifti inafanya kazi inapojisikia, mawakili sita. Nimeulizwa na wadogo zangu wa mwaka wa pili na wa tatu mara nyingi mno, nikaona niandike mara moja kuliko kurudia maelezo yaleyale kwa WhatsApp kila usiku.

Tuanze na upande wa pili wa meza, kwa sababu ndio tusioufikiria. Ofisi nyingi za mawakili hapa kwetu ni ndogo. Kuna wakili mmoja au wawili ambao majina yao yako mlangoni, mawakili wadogo wachache, karani, na dada wa mapokezi ambaye ndiye anayejua kila kitu. Anayeamua kukuajiri ni huyohuyo anayelipa kodi ya pango na umeme. Sasa fikiria kichwani mwake kuna nini akikuangalia. Mhitimu wa shahada ya sheria hawezi kusimama mbele ya hakimu kumtetea mteja. Sheria ya Mawakili, Sura ya 341, haimruhusu mtu ambaye hajaandikishwa kufanya kazi ya uwakili. Ili uandikishwe lazima upite Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, ile tunayoiita Law School, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2007, ufaulu, ndipo upeleke maombi yako kwa Jaji Mkuu. Maana yake akikuchukua leo, kwa muda mrefu wewe ni gharama. Unakula mshahara, unatumia kompyuta, halafu unaondoka kwenda kusoma.

Na hapo kuna hofu ya ziada. Sote tunakumbuka Oktoba 2022, matokeo ya Law School yalipotoka na katika wanafunzi 633 wakafaulu moja kwa moja 26 tu. Wengine 342 walitakiwa kurudia baadhi ya mitihani, 265 wakadisko. Nchi nzima ilizungumza, Serikali ikaunda kamati chini ya Dk. Harrison Mwakyembe. Sisi tuliyasoma matokeo yale kama wanafunzi wenye hofu. Waajiri nao waliyasoma, kwa hofu yao. Wakili aliyenisimamia aliniambia siku moja tukipanda ngazi, "Mimi nikimchukua mtu, namchukua pamoja na mitihani yake."

Kwa hiyo anachotafuta si mtu anayejua sheria nyingi. Wahitimu wanaojua sheria hawana upungufu. Namba za usajili wa mawakili zimeshapita 10,000 na bahasha za maombi zinajaa droo. Anatafuta mtu ambaye akimwachia jalada Ijumaa jioni, yeye anaweza kulala.

Wiki ya kwanza hukupewa jalada lolote. Ulipewa mashine ya fotokopi. Hapa ndipo wengi wetu tunakosea, na mimi nilikaribia kukosea. Mwenzetu mmoja, kijana mwenye GPA ambayo sitaisema msije mkaumwa, siku ya tatu alisema kwa sauti kwamba hakusoma miaka mitatu ili aje kupanga karatasi. Dada wa mapokezi alimsikia. Sijui kama alipeleka maneno, lakini najua kwamba baada ya hapo kazi zilianza kumpita.

Mimi nilipangiwa kutembea na karani wa ofisi, mzee wa makamo ambaye hajasoma sheria hata siku moja lakini anaijua masijala kuliko mawakili wote sita. Nilimwamkia "shikamoo mzee" kila asubuhi na kumfuata kama mtoto. Kutoka kwake nilijifunza mambo ambayo hakuna kozi inayoyafundisha. Shauri linavyopandishwa kwenye mfumo wa kielektroniki wa Mahakama. Namba ya malipo inavyotolewa, na kwamba usipolipa ada kwa wakati unaweza kujikuta unabishana kuhusu shauri limesajiliwa lini. Namna ya kuangalia orodha ya mashauri ya kesho. Ni nani wa kumuuliza jalada likiwa "halionekani". Alinifundisha pia kuandika tarehe kwenye kila karatasi inayoingia ofisini, pembeni, kwa kalamu, kabla ya kuisoma. Niliona ni kautaratibu ka kizee. Baadaye nikaelewa kwamba nusu ya kazi ya uwakili ni kuhesabu siku. Mtu aliyefukuzwa kazi ana siku 30 tu kupeleka mgogoro wa uhalali wa kufukuzwa kwake kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA. Akishindwa pale, ana wiki sita kuomba Mahakama Kuu ipitie tuzo. Kusudio la kukata rufaa Mahakama ya Rufani ni siku 30 tangu uamuzi. Barua ambayo haijulikani iliingia ofisini lini inaweza kumkosesha mteja nyumba yake.

Jina langu lilijulikana kwa wakili mkuu kwa sababu ya kitu kidogo sana. Wiki ya pili nilitumwa kupeleka hati za kiapo zikasainiwe mbele ya Kamishna wa Viapo. Zilirudi, nikawa nazitoboa matundu ili nizifunge. Nikazisoma tu, kwa mazoea ya kusoma kila kinachopita mkononi. Moja, pale chini Kamishna anapogonga mhuri, ilikuwa na tarehe lakini haikutaja mahali kiapo kilipoapwa. Nikakumbuka darasani: kifungu cha 8 cha sheria inayohusu makamishna wa viapo kinataka mahali na tarehe viandikwe, na maombi yameshatupwa nje kwa dosari hiyohiyo. Nilisita. Nani mimi, mtu wa kutoboa matundu? Lakini nikaenda nayo mlangoni, nikasema, "Samahani wakili, naona hapa mahali hapajaandikwa." Aliitazama, akaguna, akaniambia niirudishe. Hakusema asante. Kesho yake nikapewa hati nyingine tano "uzipitie kama ile ya jana".

Ndivyo kazi inavyokuja. Haitangazwi. Unafanya moja, inakuja ya pili.

Sasa niseme habari ya Kiswahili, kwa sababu ndiyo iliyoniokoa na naona wengi mnaipuuza. Mwaka 2021 sheria ilibadilishwa, Kiswahili kikawa lugha ya sheria na ya utoaji haki. Kiingereza bado kinatumika kukiwa na sababu, na vitabu vyetu vingi bado ni vya Kiingereza, lakini ukienda mahakama za chini, mabaraza ya ardhi au CMA, mambo yanazidi kwenda kwa Kiswahili. Tatizo ni kwamba mawakili waliotutangulia, na sisi pia, tumefundishwa sheria kwa Kiingereza. Mwambie mwanafunzi wa mwaka wa tatu aandike utetezi wa maandishi kwa Kiswahili, uone jasho. Tunajua kuongea, tunajua kuchati, lakini hatujui kwamba yule ni mjibu maombi na siyo mdaiwa, kwamba mrufani si mrufaniwa, kwamba kile tunachokitaja kwa Kiingereza kila siku darasani ni pingamizi la awali tu.

Ofisi yetu ilikuwa na wateja wengi wa mirathi, ambao mashauri yao yako kwenye kile Kituo Jumuishi cha Temeke. Barua kwa ndugu wa marehemu, taarifa za kikao cha ukoo, maelezo kwa mjane anayetaka kujua kwa nini shemeji yake anauza kiwanja. Wakili mdogo mmoja alikuwa anaandika kwa Kiingereza kwanza halafu anatafsiri, na ilisomeka hivyohivyo. Niliomba nijaribu moja. Nilikaa nayo mchana mzima, nikachukua hukumu za Kiswahili kutoka TanzLII nikaangalia mahakimu na majaji wenyewe wanatumia maneno gani, nikajitengenezea kamusi yangu nyuma ya daftari. Barua ya kwanza ilirudi na wino mwekundu mwingi. Ya tatu ilirudi na alama mbili. Kufikia wiki ya tano, hati yoyote ya Kiswahili ilikuwa inapita mezani kwangu kwanza. Sikuwa na akili kuliko wenzangu, nawaambia ukweli. Nilikuta sehemu yenye kazi nyingi isiyo na mtu, nikakaa hapo.

Hadithi nyingine siipendi, lakini bila hiyo makala hii itakuwa uongo.

Wiki ya sita nilipewa utafiti wa kweli. Upande wa pili ulikuwa unaomba kuongezewa muda na sisi tulikuwa tunapinga. Hoja za maandishi zilitakiwa ziwasilishwe Ijumaa. Mambo ya kuongeza muda kila mtu anayajua, ile ya Lyamuya tunaiimba usingizini: ueleze sababu ya kila siku uliyochelewa. Lakini nilitaka kung'ara. Nikapata uamuzi wa Mahakama Kuu ambao ulikuwa kama umeandikwa kwa ajili yetu, maneno matamu, mazingira yaleyale. Nikauweka juu kabisa. Wakili akaupenda, akaujengea aya mbili. Alhamisi jioni nikaenda nyumbani nikijisikia nimeshakuwa jaji.

Usiku, saa nne hivi, nilikuwa natafuta kitu kingine kabisa kwenye simu. Nikakutana na majina yaleyale ya wahusika, Mahakama ya Rufani. Uamuzi wangu mtamu ulikuwa umekatiwa rufaa na kutenguliwa.

Nilikaa kitandani nikahesabu njia zangu. Naweza kunyamaza, labda upande wa pili hawataona. Naweza kusubiri asubuhi, lakini wakili huwa anapandisha hoja kwenye mfumo alfajiri, kabla intaneti haijawa nzito. Naweza kupiga simu sasa hivi na kujulikana kama yule wa fildi aliyeleta sheria mfu. Uamuzi wa Mahakama ya Rufani unazifunga mahakama zote za chini yake. Wakili anayemwekea jaji uamuzi uliokwisha kutenguliwa anaonekana ama hajui ama anadanganya, na jina litakalokuwa chini ya hoja zile si langu, ni lake.

Nilipiga. Nikasema kabla sijapoteza ujasiri: "Shikamoo wakili, samahani kwa usiku. Ule uamuzi niliokupa umetenguliwa na Mahakama ya Rufani. Ni kosa langu, sikuangalia kama ulikatiwa rufaa." Kimya. Nilisikia televisheni kwa mbali. Kisha akasema, "Nitumie huo wa Rufani." Akakata.

Asubuhi sikupokewa kwa tabasamu. Nilikuta rejea zote za hoja zile, kumi na moja, zimechapwa na kuwekwa kwenye kiti changu, na maagizo mafupi: moja baada ya nyingine, hakikisha iko hai. Nilizimaliza mchana. Moja nyingine, ambayo haikuwa yangu, ilikuwa imenukuliwa kutoka toleo la zamani la sheria, la 2002, wakati toleo la 2019 lilikuwa limepanga vifungu vingine. Nikasema na hiyo. Hoja zikawasilishwa jioni, ndani ya muda.

Miezi mingi baadaye, nilipouliza kwa nini mimi, hakutaja Kiswahili wala zile hati za kiapo. Alitaja ile simu. Sijui kama hilo linafundishika. Nilikuwa natetemeka kweli, na siwezi kuahidi kwamba siku nyingine, kwa bosi mwenye hasira zaidi, ningepiga.

Kabla sijaenda mbele kwenye kuomba kazi, kuna mwenzetu mmoja ambaye lazima nimtaje bila jina. Alikuwa bora kuliko mimi kwenye kuandika, na mtaratibu. Alikuwa anakaa Mbagala kwa shangazi yake. Fildi ile haikuwa na posho hata ya maji, na fedha yake ya mafunzo kwa vitendo kutoka Bodi ya Mikopo ilichelewa. Wiki ya nne akaanza kuja siku tatu kwa wiki, akisema anaumwa. Ukweli alikuwa anahesabu nauli. Mimi nilikuwa nakaa Ilala kwa dada yangu, nilitembea kwa miguu. Watu wakisema fulani "hakuonyesha nia", mimi hukumbuka tofauti ya kutoka Ilala na kutoka Mbagala. Kama uko kwenye hali yake, mwambie msimamizi mapema, kwa maneno ya wazi. Ofisi yetu, nilikuja kujua, ilikuwa na utaratibu wa kumlipia nauli mtu wa fildi aliyetumwa mahakamani. Hakuna aliyetuambia na hakuna aliyeuliza. Na viongozi wetu wa serikali ya wanafunzi, hili la fildi bila nauli lipelekeni kwenye vikao kwa uzito uleule mnaoupa bumu.

Koneksheni je? Ipo, tusidanganyane. Wa nne wetu alikuwa mtoto wa rafiki wa mmoja wa wakubwa. Ilimpa kiti bila kutembeza bahasha. Kumpa kazi haikumpa, kwa sababu hakuitaka. Alikuwa anataka biashara na alituambia hivyo siku ya kwanza. Angeitaka, sijui.

Sasa kuomba. Hakuna mtu aliyeniita akaniambia "tunakutaka". Huyu ndugu yangu mwenye GPA alisubiri aitwe hadi siku ya mwisho, siku ya soda na picha. Siku ya mwisho imechelewa, kila mtu anawaza kurudi kwenye kazi zake. Mimi nilikwenda mwanzoni mwa wiki ya saba, Jumanne, kwa sababu Jumatatu ni siku ya mahakama na Ijumaa ni siku ya hasira. Nikaomba dakika kumi. Nikauliza mambo mawili kwa mpangilio huu: nini nimekifanya vibaya ambacho nikirekebishe, halafu, kama ofisi inafikiria kuchukua mwanasheria wa mafunzo mwaka kesho nikishamaliza, naweza kufikiriwa? Swali la kwanza lilimchukua dakika nane. La pili alijibu kwa neno moja: "Andika."

Nikaandika ukurasa mmoja. Sikuweka zile sentensi za kunakili kuhusu kufanya kazi chini ya shinikizo. Niliorodhesha hati nilizoziandaa kwa aina zake, bila jina la mteja hata mmoja (siri ya mteja haiishi ukitoka getini, na wale mnaopiga picha na majalada kuweka status, acheni). Nikataja mwezi nitakaomaliza mitihani, na kwamba likizo fupi naweza kurudi wiki mbili bila malipo.

Nilirudi kweli. Mwaka wa nne nilikuwa natuma ujumbe mara moja moja, wenye kitu ndani: uamuzi mpya wa Rufani unaogusa kesi niliyoikumbuka, siyo "habari za siku nyingi bosi". Vingine havikujibiwa. Mwezi wa tano niliitwa.

Barua ilikuwa ya ukurasa mmoja na nusu. Niliisoma kama swali la mtihani, na nanyi msione aibu kufanya hivyo. Mkataba wa mwaka mmoja: sawa, kifungu cha 14 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini kinaruhusu muda maalumu kwa wanataaluma. Majaribio miezi sita: hapo kifungu cha 35 kinasema ulinzi dhidi ya kuachishwa isivyo haki haumhusu aliyefanya kazi chini ya miezi sita, kwa hiyo katika kipindi hicho naweza kuondolewa kirahisi. Mshahara unatosha chumba, chakula na nauli. Sifa hautoshi.

Kitu kimoja hakikuwemo: Law School. Barua ilinyamaza kabisa. Nilirudi nikauliza, kwa heshima, nikipata nafasi kule mkataba unakuwaje? Akacheka, akasema nimeanza vizuri. Ada nitajitafutia mwenyewe, kiti changu kitanisubiri, na kipindi cha mafunzo ya vitendo nitajitahidi nipangiwe karibu. Nikamwomba aliandike. Likaandikwa, mstari mmoja na nusu, akasaini pembeni.

Nilianza Jumatatu iliyofuata baada ya mtihani wa mwisho. Kazi ya kwanza niliyopewa ni kupanga majalada yaliyofungwa kwenye maboksi, na kuwaonyesha watu watatu wapya wa fildi mashine ya fotokopi iko wapi.